Pedali haipigi gitaa

Wapiga gitaa wengi vijana hapa Mbeya wanaamini kitu kimoja: muziki wako ukipooza, ongeza pedali, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa. Si kweli. Sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi za gitaa la umeme hazitungi chochote; zinageuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme, basi. Ukiugusa uzi kwa woga, amplifaya itakuza woga huohuo.

Hata gitaa lenyewe si lazima liwe la dukani: Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen ya Uingereza, alianza kuunda gitaa lake na baba yake mwaka 1963, shingo ikachongwa kutoka ubao wa meko kuukuu. Hulipiga kwa sikspensi, sarafu ya zamani ya Uingereza.

Jumapili moja Mwanjelwa, hapahapa Mbeya, nilimsikia mzee wa kwaya mwenye gitaa la mbao, uzi mmoja umeungwa kwa fundo karibu na vigingi vya kukazia nyuzi. Alikosea mara mbili, mkono wa kulia haukusimama. Kina mama wakaacha viti, wakacheza. Mimi na pedali zangu tatu tulikuwa pembeni, kimya.

Sikatai, nyuzi zilizochakaa zinasumbua, na baridi ya Julai huzikaza zikapanda sauti. Zilizochakaa badilisha, zilizopanda zilegeze. Pedali isubiri: kwanza jirekodi kwa simu dakika mbili bila kusimama, usikie mdundo unapoyumba.