Roboti katika upasuaji wa uti wa mgongo: maswali na majibu

Je, ni roboti itakayonipasua?
Hapana, na hofu hiyo naielewa. Roboti ni mkono wa chuma unaosimama kando ya kitanda. Kabla ya upasuaji daktari hupanga kwenye kompyuta, kwa picha za CT (eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili vipande vipande), kila skrubu ya kushikilia pingili za mgongo itapita wapi. Mkono huo hushikilia bomba jembamba kwa pembe iliyopangwa, kisha daktari mwenyewe hupitisha keekee na skrubu ndani yake.

Skrubu tu, kwa nini ihitaji yote hayo?
Kwa sababu njia ni finyu mno. Skrubu hupita kwenye daraja dogo la mfupa wa pingili, na usawa wa kifua daraja hilo laweza kuwa na upana wa milimita 4 au 5 tu. Ikipotoka kuelekea ndani, hapo pana ugwe mgongo, yaani kamba ya neva ipitayo ndani ya uti. Ikishuka, kuna neva. Kwa njia ya kawaida daktari hufuata alama za mfupa, hupapasa kuta za tundu kwa kijiti cha chuma, na hutazama eksirei.

Basi roboti haikosei?
Hukosea. Katika utafiti uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2012, skrubu zilizokaa vizuri zilikuwa asilimia 93 kwa mkono wa daktari na 85 kwa roboti. Keekee ikigusa mteremko wa mfupa huteleza. Mashine zimeboreshwa tangu wakati huo, na tafiti nyingi za baadaye zimeiweka roboti sawa na mkono wa daktari au mbele kidogo. Hata hivyo, kifaa cha alama kinachofungwa kwenye mfupa ili roboti ijue mgongo uko wapi kikigongwa kidogo tu, ramani yote inahama.

Na maumivu yangu?
Hapa ndipo nawasihi wagonjwa watulie. Baada ya mwaka mmoja, nafuu ya waliowekewa skrubu kwa njia hizi mbili hukaribiana sana. Tena, diski (kito laini kilicho kati ya pingili) inayobana neva mara nyingi huondolewa bila skrubu hata moja. Uliza kwanza kama skrubu zinahitajika.

Mionzi je?
Kwa roboti, wahudumu mara nyingi hupata mionzi pungufu. Yako hutegemea picha za CT utakazopigwa.

Nimuulize nini daktari?
Amewafanyia wagonjwa wangapi kwa mashine hiyo, na ikigoma katikati ataendeleaje. Anayestahili kuitumia ni yule awezaye kumaliza kazi kwa mkono.