Je, tuzo ya mkahawa hupima thamani ya mlo?

Wengi jijini Nairobi huamini kwamba mkahawa wenye tuzo ukutani lazima chakula chake kilingane na bei. Ni imani inayoeleweka: anayelipa maelfu ya shilingi kwa mlo mmoja Westlands au Karen anataka uhakika kabla ya kuketi.

Ila tuzo si za aina moja. Mwongozo maarufu zaidi wa mikahawa, Michelin wa Ufaransa, ulianzishwa mwaka 1900 na kampuni ya matairi kwa ajili ya wenye magari. Nyota, ambazo ndizo tuzo yake, zilikuja 1926. Wakaguzi wake hula bila kujitambulisha, hulipa bili, na nyota hutolewa kwa kilichomo kwenye sahani, si kwa mapambo ya ukumbi. Tuzo nyingine huamuliwa kwa kura za mtandaoni, na hapo mwenye wafuasi wengi humshinda kwa urahisi mwenye mpishi hodari. Zipo pia zinazotoza ada ya kushiriki. Hiyo si hongo, lakini huiacha nje mikahawa midogo.

Kwa hiyo isome ile ngao iliyo karibu na kaunta. Ni ya mwaka gani? Ya kitengo gani? Imeandikwa "mshindi" au "mteule"? Muulize mhudumu kama mpishi wa wakati ule bado yupo (wahudumu wengi hujibu bila kuficha). Kwenye menyu, angalia kama bei tayari ina VAT ya asilimia 16 na ada ya huduma. Ukiwa bado na shaka, ulizia menyu ya mchana; mara nyingi hutoka jiko lilelile kwa bei nafuu.