Daftari la Mizoga Halitoshi

Juzi, kando ya josho, mfugaji mmoja alinifungulia daftari lake na kunionyesha kwamba mwaka mzima ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, umemuulia ndama mmoja tu. "Kwa hiyo, Daktari," akasema, "mimi kupe hawanisababishii hasara." Hesabu hii nimeisikia kwa wafugaji, kwa madiwani, na hata kwa maofisa ugani wenzangu, nami sasa imenichosha.

Mizoga ni mingi, sikatai: makisio ya mwaka 1989 yaliiweka hasara ya ndigana kali katika nchi 11 za Afrika kuwa dola milioni 168, na vifo vya ng'ombe kuwa milioni 1.1. Lakini nilimwomba anionyeshe ng'ombe aliyepona. Katika kona ya zizi alisimama mtamba wa miaka miwili na nusu, manyoya yamemsimama, kimo chake sawa na cha ndama waliozaliwa mwaka mmoja baada yake. Huyo hayumo daftarini, ingawa kila mwezi anaochelewa kupandwa ni mwezi wa malisho na wa ujira wa mchungaji bila tone la maziwa. Ziongezwe sindano za buparvakwoni, dawa ya kutibu ndigana kali, ambazo ni ghali na hufaa zikiwahi, ilhali mimi huitwa povu likiwa limeshatoka puani, badala ya siku ile mitoki, yaani tezi, ya chini ya sikio ilipoanza kuvimba.

Kinachonikera zaidi ni ng'ombe asiyenunuliwa kamwe. Mfugaji huyu anaridhika na lita mbili za ng'ombe wa kienyeji kwa sababu aliona chotara wa jirani akifa ndani ya mwezi mmoja, na woga huo, ambao hauna mzoga wala risiti, ndio naamini unatugharimu kuliko vyote. Hata hivyo nakiri kwamba kila ninapojaribu kuuandika kwa shilingi, napata tarakimu ambayo nisingethubutu kuitetea.

Chanjo ipo: ndama huambukizwa kwa makusudi vimelea vilivyohifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika, na papo hapo hudungwa oksitetrasaiklini ya muda mrefu, antibiotiki ya kuudhibiti ugonjwa huo. Wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania waliielewa faida yake upesi, kwa kuwa ndama mwenye hereni ya chanjo hupata bei nzuri zaidi mnadani. Haizuii ndigana baridi wala maji moyo, magonjwa mengine ya kupe, hivyo josho halifungwi. Ila aliyechanjwa aogeshwe kila baada ya siku ngapi, hapo vitabu hujibu kwa uhakika ambao mimi, baada ya kubahatisha mara kadhaa na kukosea mara mbili, sina.

Nilimwomba mfugaji achore safu ya pili daftarini. Aliitazama kwa muda, kisha akaandika: mtamba mwekundu, miaka miwili na nusu, hajapandwa.