Wale Hawakuwa Chawa wa Elvis

Jumamosi, tukisubiri mafundi wamalize kufunga spika, kijana mmoja wa mitambo aliniambia maneno niliyokwisha kuyasikia mara nyingi kupita kiasi: "Elvis aliuawa na chawa wake. Kikulacho ki nguoni mwako." Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Nilinyamaza kwa sababu shoo ilikuwa inakaribia. Leo nina nafasi.

Nimeongoza safari za wanamuziki kwa miaka kumi na tisa. Nimelala kwenye zulia mlangoni kwa bosi, nimehesabu mabegi uwanja wa ndege saa tisa usiku, nimesema "bosi amepumzika" huku bosi akiwa hajiwezi. Kwa hiyo watu wa Elvis Presley, yule mwimbaji nyota wa Marekani aliyefariki 1977, wale magazeti ya Marekani yaliowaita Memphis Mafia, siwatazami kama hadithi ya mbali. Naitazama kazi ninayoifahamu.

Chawa kwa maana yetu ya mjini ni mtu wa kusifu ili ale. Mwondoe kesho, shoo inaendelea. Sasa mwondoe Joe Esposito. Alikutana na Elvis jeshini Ujerumani, na tangu waliporudi 1960 ndiye aliyeshika ratiba, hoteli, magari na nani aingie chumbani. Mwondoe Lamar Fike, aliyeshughulikia taa za jukwaani Las Vegas. Mwondoe Red West, aliyemjua Elvis tangu shule ya Humes pale Memphis na kumkinga na vijana waliotaka kumkata nywele kwa nguvu. Huyo alikuwa mlinzi, tena mtunzi ambaye nyimbo zake Elvis alizirekodi. Mwanzoni mwa 1969, Elvis alipokuwa amechoshwa na nyimbo za filamu, Marty Lacker, mmoja wa watu wake hao, na mtangazaji George Klein ndio waliomshawishi arekodi palepale Memphis, studio ya American, kwa prodyuza Chips Moman. Humo ilitoka "Suspicious Minds", wimbo wake wa mwisho kushika namba moja kwenye chati kuu ya pop Marekani akiwa hai. Chawa gani huyo anayempeleka bosi kwenye kazi bora ya maisha yake?

Halafu tazameni video za miaka ya 70, mumwangalie Charlie Hodge badala ya Elvis. Mtu mfupi, gitaa kifuani, kasimama hatua mbili nyuma. Ana glasi ya maji na rundo la skafu. Elvis anageuka kidogo tu, bila kusema neno, na skafu iko shingoni. Anafuta jasho, anainama, anampa mama aliyekwisha kunyoosha mikono tangu wimbo wa kwanza. Kabla hajainuka sawasawa, Charlie amekwisha kukunjua nyingine. Na katikati ya hayo yote anaimba sauti ya pili, na haikosei. Mimi nimejaribu kazi hiyo kwa taulo na chupa ya maji tu, nikamwagia maji kinanda.

Ratiba yao ilikuwa ya popo. Elvis alilala mchana, madirisha yamezibwa kwa karatasi ya foili, akaamka jua likikaribia kuzama. Usiku alikodi sinema ya Memphian au uwanja wa bembea wa mji, wote wakaenda naye hadi alfajiri. Wengi walikuwa na wake na watoto walioishi kwa saa za watu wa kawaida. Anayeita hayo kula na kulala ajaribu mwezi mmoja.

Ila hapa kwenye fedha ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu ndipo kila mtu anapopaparuka na kupita.

Mishahara yao ya wiki ilikuwa midogo, na baba yake Elvis, Vernon, aliyeshika mfuko, aliitoa kwa manung'uniko. Kikubwa kilikuja kama zawadi: magari, vito, msaada wa kununua nyumba. Mwaka 1967 Elvis aliponunua shamba la farasi Mississippi, aliwanunulia watu wake magari ya pikapu mpaka Vernon akaogopa. Miaka mitatu baadaye zikaja zile cheni zenye herufi TCB, yaani "Taking Care of Business", kushughulikia kazi, na alama ya radi. Watu wakisikia hivyo wanasema, basi walifaidi. Hapana! Mshahara unaweza kuudai. Unao mwezi wake na kiwango chake, na ukimaliza kazi huna deni kwa mtu. Zawadi haidaiwi, na aliyekupa anaendelea kuwa amekupa kila ukiwasha hilo gari. Hakuna likizo iliyoandikwa, hakuna mkataba, kuna "sisi ni ndugu". Na ndugu haombi nyongeza.

Bosi mmoja niliyemfanyia kazi alilipa gharama zote za hospitali za mama yangu. Mama akapona. Sitasahau wema ule. Lakini kwa miaka miwili iliyofuata niliona pombe inammaliza, na kila nilipofungua mdomo niliona kitanda cha mama. Nilikuja kumwambia kwa kuchelewa, akiwa ameshavunja ziara mbili. Nilikuwa na akili timamu na nilimpenda. Sikuwa chawa. Nilikuwa nimefungwa na wema.

Ukaribu wenyewe nao ulipimwa kwa vijiko. Elvis alipofunga ndoa na Priscilla, Mei 1, 1967, katika hoteli ya Aladdin, Las Vegas, chumba kilikuwa kidogo na walioingia wachache. Esposito na Lacker walisimama upande wa bwana harusi. Red West, rafiki wa tangu shule, alikuwa mjini humohumo na hakuingizwa kwenye kufunga ndoa.

Sasa lile jingine wanalolisema wengi, la "hakuna aliyemwambia ukweli". Linaniudhi kuliko yote kwa sababu ni uongo. Red na binamu yake Sonny West walimwambia kuhusu dawa alizozitumia kupita kiasi, na waliwakabili watu waliomletea, wakati mwingine kwa mikono. Red alisimulia pia kwamba mwaka 1973, Elvis akiwa na hasira kali, alimwagiza atafute mtu wa kumuua mwanamume aliyekuwa na Priscilla baada ya kutengana kwao. Red hakumkatalia usoni. Alichelewesha kwanza, kisha akaulizia, na aliporudi na jibu hasira ilikuwa imepoa, na agizo likafa. Huo ndio ujuzi wa kazi hii usiofundishwa popote: kujua lipi la kutii, lipi la kuchelewesha mpaka lijifie.

Julai 1976 Red, Sonny na mlinzi mwenzao Dave Hebler walifukuzwa. Aliyewapa habari ni Vernon, kwa sababu ya kupunguza gharama. Elvis mwenyewe hakuwaambia. Red alikuwa amemfahamu kwa zaidi ya miaka ishirini. Waliobaki Graceland, nyumbani kwa Elvis, walijua waliofukuzwa ndio wale waliokuwa wakisema. Wangejifunza nini?

Tena angalieni nani mwingine alikuwepo. Dokta George Nichopoulos, aliyemwandikia dawa, alikuwa amekopeshwa fedha na mgonjwa wake. Kanali Tom Parker, meneja, alichukua hadi nusu ya baadhi ya mapato, na mwaka 1976 peke yake Elvis alipanda jukwaani zaidi ya mara 100. Baba alilipwa na mwanawe. Hakuna hata mmoja mwenye mamlaka ya kusema "ziara imesimama" ambaye chakula chake hakikutoka kwenye ziara hiyo. Halafu tumlaumu mshika skafu.

Nakiri kuna jambo linalonisumbua. Wengi wao waliandika vitabu, na vinapingana. Waliofukuzwa wana uchungu, waliobaki wanajitetea, nami kila nikisoma najikuta nawaamini wanaofanana nami. Kitabu cha wale watatu waliofukuzwa kilitoka wiki mbili hivi kabla ya kifo cha Elvis. Siku nyingine naona kilikuwa jaribio la mwisho la kumwamsha. Siku nyingine naona ni biashara na kisasi. Na sina hakika kama mimi, ningekuwa Esposito, ningebeba mabegi yangu na kuondoka ili nimshtue, au ningebaki ili awepo mtu wa kumwinua akianguka. Nadhani ningebaki.

Jumanne, Agosti 16, 1977, usiku ule ndege ilikuwa iwapeleke Portland, Maine, kwa shoo ya kesho yake. Mchana Ginger Alden, mchumba wake, alimkuta sakafuni bafuni, akaita msaada. Al Strada, mmoja wa wasaidizi, alipanda juu, kisha Esposito. Walimgeuza, wakajaribu kumpa pumzi, wakaita gari la wagonjwa. Hospitali ya Baptist Memorial ilipothibitisha kwamba amefariki, kulikuwa na simu za kupigwa, na ni Joe aliyezipiga. Moja ilikwenda Portland, ambako Kanali alikuwa amekwisha kufika kuandaa shoo.