Mmea wa ndani ukilegea, si lazima uwe na kiu

Mrehani wangu ulinawiri kwenye kopo la rangi pale barazani. Nikauhamishia sebuleni, kando ya televisheni. Baada ya wiki mbili majani yakawa ya njano na kulegea, na kila aliyepita akanipa dawa ileile: mwagilia maji. Nikamwagilia asubuhi na jioni. Nilipokuja kuung'oa, mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza kama mlenda, inanuka tope bovu.

Mizizi nayo huhitaji hewa, iliyo kwenye nafasi ndogondogo za udongo. Maji yakizijaza, inakosa oksijeni na kuoza, na mzizi uliooza haunyonyi maji hata ukiwa umezama humo. Ndiyo maana mmea hulegea kana kwamba una kiu. Halafu ndani ya nyumba mmea hunywa kidogo, kwa kuwa mwanga ni haba. Hapa macho hutudanganya kweli: jua la adhuhuri nje hufikia luksi (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi, ilhali kona iliyo mbali na dirisha huambulia mia chache tu.

Siku hizi nachomeka kidole kwenye udongo kwanza. Kikitoka na unyevu, siumwagilii. Mrehani mpya unakaa dirishani, na kopo nimelitoboa chini kwa msumari.