GoldenEye 007: kununua studio si kununua gemu

Wengi huamini kwamba Microsoft, iliponunua studio ya Rare mwaka 2002, ilipata na GoldenEye 007, gemu ya jasusi James Bond, ikaamua kuikalia tu. Sivyo. Rare waliitengeneza na Nintendo wakaitoa mwaka 1997 kwa Nintendo 64, lakini jina la James Bond na sura za waigizaji havikuwa mali ya Rare. Haki za Bond zilikuwa kwa Danjaq na MGM, kampuni za filamu zake, na leseni ya gemu zake ilihamahama: mwaka 2010 kampuni ya gemu ya Activision ilitoa GoldenEye yake. Mmoja wa wenye haki akigoma, kazi yote hulala kabatini. Ndivyo lilivyolala toleo lililoboreshwa la Xbox 360, mashine ya Microsoft, hadi likavuja 2021, linachezeka kabisa! Gemu ya asili ilirudi Januari 27, 2023, kwenye Xbox na Switch ya Nintendo. Kucheza mtandaoni, Switch pekee.