Taa chini ya kioo si ushahidi wa kukopi

Mtu akimkuta mchoraji wa katuni pale Mwanjelwa, Mbeya, ameweka karatasi juu ya kioo chenye taa chini yake, haraka atasema: "Kumbe anakopi tu!"

Ndiyo, anakopi, ila kazi yake mwenyewe. Rasimu huwa imechafuka: mkono umefutwa na kurudiwa, kichwa kimehamishwa, puto la maneno limesogezwa lisimzibe mhusika. Karatasi iliyokwanguliwa na raba haifai kwa wino. Wino husambaa kwenye nyuzi na mstari unaota manyoya. Basi anaweka karatasi safi juu, mwanga unapenya, anachukua mistari anayoitaka tu. Wengine huchora rasimu kwa penseli ya bluu hafifu, rangi ambayo kamera za uchapaji za zamani hazikuinasa. Siku hizi bluu hiyo huondolewa kwenye kompyuta baada ya kuskani.

Na picha za Mlima Loleza, ule unaoonekana kutoka mjini Mbeya, alizobandika ukutani? Za kutazamia. Mlima unaouona kila siku ndio unaokosea umbo lake ukichora kwa kichwa, na wasomaji wa Mbeya hawatakusamehe. Mvua zikianza Novemba, wino nao huchelewa kukauka, kiganja kinafuta kila kitu.